Maji ya Mtaroni Hurudi Mtungini

Jua lilikuwa halijachomoza sawasawa wakati mke wa koplo mmoja wa polisi alipofungua mlango wa nyumba yake, katika safu ya nyumba za askari iliyo kwenye mteremko mmoja wa jiji la Kampala. Alibeba karai lililojaa maji ya kufulia nepi, akayamwaga mtaroni. Alifanya hivyo kila siku, kama walivyofanya jirani zake wote, na hakuna aliyeona ubaya wake. Maji yaliteremka na povu lake, yakapinda penye nyumba ya mwisho, yakatoweka. Kwa mama yule, maji yaliyokwisha kupinda kona yalikuwa yamekwisha.

Kumbe hayakuwa yamekwisha. Yalikuwa yameanza safari tu, na mwisho wa safari ile ulikuwa ndani ya mtungi wake mwenyewe.

Usiku wa siku ya tatu mtoto wake wa mwisho, mwenye umri wa miaka miwili, alishikwa na kuhara. Kulipopambazuka alikuwa amehara mara saba. Macho yalikuwa yamedidimia, midomo imekauka, na alipolia machozi hayakutoka. Baba yake alikuwa zamu ziwani, maana alikuwa katika kikosi cha polisi wa majini. Nyumbani alikuwapo mama mkwe, aliyekuja kutoka kijijini kuwaona wajukuu.

"Mwanangu," alisema yule mzee, "usimpe maji. Huoni kwamba kila anachokunywa kinapita?"

Mke wa koplo alikuwa amelelewa kuwaheshimu wazee, na hakujua la kujibu. Akakiweka kikombe chini. Lakini moyo haukumpa kutulia, na alipoona mtoto anaanza kulegea shingo alimfunga mgongoni, akamwambia mama mkwe kwa adabu, "Mama, nipe ruhusa nimpeleke zahanati." Mzee alikubali, tena akatoka naye.

Muuguzi aliyewapokea hakupoteza wakati. Alimfinya mtoto ngozi ya tumbo, akaona inakawia kurudi mahali pake. Akakoroga unga wa dawa katika maji safi, akampa mama kijiko. "Mama," alisema, "maji yanayotoka mwilini hayana budi kurudishwa. Mtoto wa kuhara haui na tumbo. Anauawa na ukavu. Mpe kidogo kidogo, na kama ananyonya aendelee kunyonya." Wakakaa pale mpaka alasiri, kijiko baada ya kijiko, hata mtoto akakojoa, akaomba uji. Yule mzee alitazama yote bila kusema neno. Jioni ndiye aliyeshika kijiko.

Yafaa kila mama na kila baba aweke moyoni kipimo kile ambacho muuguzi aliwafundisha kabla ya kuwaruhusu kurudi nyumbani, kwa kuwa pakiti za dawa huenda zisipatikane usiku wa manane. Ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi. Mchanganyiko huo hauponyi kuhara, bali humzuia mtoto asikauke wakati tumbo linapojitengeneza. Aliyedidimia macho, aliyelegea, au anayetapika kila anachopewa apelekwe hospitali mara moja, huku akinyweshwa njiani.

NJIA FUPI

Watoto wengine watatu wa safu ile ile waliugua kabla ya wiki kwisha. Hapo bwana afya akaitwa. Akina mama walimpokea kwa manung'uniko, wakisema kwamba wao hawachoti maji kisimani wala bwawani; wao hunywa maji ya bomba, na maji ya bomba yamekwisha kutiwa dawa. Bwana afya hakubisha. Aliomba tu aoneshwe bomba linapita wapi.

Wakalifuata kutoka mferejini kwa kushuka. Hatua thelathini chini yake bomba liliingia katika mtaro, likalala ndani ya yale maji meusi. Penye kiungo lilikuwa limefungwa kipande cha mpira kilichochakaa. Maji yalipokuwa na nguvu bomba lilivuja kwa nje, na watu waliona uvujaji ule kuwa hasara ya maji tu. Lakini wiki ile maji yalikuwa yamekatika siku mbili. Maji yakikatika, bomba hubaki tupu, na bomba tupu lililopasuka hufyonza chochote kilicho jirani nalo, kama mtu anavyovuta soda kwa mrija. Yaliporudi, maji ya kwanza yalileta uchafu ule hadi nyumbani.

Mke wa koplo alisimama kando ya mtaro akatazama. Mtaro ule ndio aliomwagia maji ya nepi asubuhi zote zile. Hakuna aliyemnyooshea kidole, kwa sababu kila mama aliyesimama pale alikuwa amefanya vivyo hivyo. Lakini mwenyewe alihesabu siku kwa vidole vyake kimya kimya, akajua.

NJIA NDEFU

Koplo aliporudi mwisho wa wiki, aliambiwa yote. Naye akawaeleza nyumbani kwake jambo ambalo kazi yake ilimfanya aone kila siku bila kulifikiria sana: ya kuwa mtaro ule, hata kama bomba lingekuwa zima, bado ungeyarudisha maji. Ungetumia njia ndefu tu.

Mitaro mingi ya katikati ya Kampala humwagikia mfereji mkubwa wa Nakivubo. Mfereji huo hupita sokoni, viwandani na karibu na makazi ya watu wengi, ukachukua maji ya mvua, ya vyoo vilivyofurika, ya gereji na ya majiko. Huko Bugolobi upo mtambo wa kusafisha maji machafu. Lakini ni sehemu ndogo tu ya jiji iliyounganishwa na mabomba ya maji machafu, na yaliyobaki huteremka yalivyo. Mfereji huingia katika kinamasi cha Nakivubo, na kinamasi humwagikia ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Katika ghuba hiyo hiyo, kilomita chache tu kutoka pale, ndipo yalipo mashine ya Gaba, ambayo kwa miongo mingi yamevuta maji ya ziwa, yakayatia shabu ili matope yagande na kutuama, yakayachuja kwa mchanga, yakayatia klorini, kisha yakayasukuma mjini. Basi karai limwagwalo mlimani asubuhi huweza kurudi mlimani kwa bomba.

Kinachosimama katikati ya mfereji na ziwa ni mafunjo. Watu wengi huyaona mafunjo kuwa magugu na kinamasi kuwa ardhi iliyoharibika. Lakini maji machafu yanapoingia humo mwendo wake hupungua, mchanga na takataka zikatuama. Vijidudu vya maradhi vingi hufa kwa kukawia njiani. Na mizizi hufyonza ile mbolea ambayo ingerutubisha miani ya ziwani. Kinamasi hulifanyia jiji kazi ambayo figo huufanyia mwili wa binadamu, tena bila mshahara wala dizeli.

Mama mkwe, aliyekuwa akimenya ndizi, hapo akainua kichwa. Alisema kwamba kijijini kwao, chini ya chemchemi, wazee walikataza mtu kuyakata mafunjo hadi mwisho. Mtu aliruhusiwa kuvuna ya kusukia mikeka na kuezekea, akaacha mengine yasimame. Hakuna aliyewaeleza sababu ya figo wala vijidudu. Walijua tu kwamba palipokatwa mafunjo yote, maji yaliharibika. Mke wa koplo alimtazama mzee wake kwa macho mapya. Yeye aliyekosea habari ya kikombe cha mtoto alikuwa na haki katika habari ya kinamasi.

Kwa bahati mbaya kinamasi cha Nakivubo kimepunguzwa mwaka hadi mwaka kwa kufukiwa kifusi, kujengwa, na kulimwa magimbi na miwa. Mkulima huchimba mifereji ili shamba likauke, na maji machafu hupata njia ya mkato hadi ziwani. Katiba ya Uganda ya 1995 inasema wazi kwamba maziwa, mito na vinamasi vinashikwa na serikali kwa amana ya wananchi. Lakini amana haina mlinzi mmoja. Hulindwa pia na yule anayekataa kununua kiwanja cha bei rahisi ndani ya mafunjo.

Matokeo koplo aliyaona kwa macho. Siku nyingine maji ya ghuba huwa ya kijani kama supu ya mboga kwa wingi wa miani, na miani huziba machujio na kuongeza gharama ya dawa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilianza kuonekana ziwani gugu maji, mmea uliotoka Amerika ya Kusini, ambao hupenda maji yenye mbolea. Katika miaka ya 1990 liliziba bandari na njia za mitumbwi, hata likasumbua mitambo ya umeme ya Jinja. Lilipunguzwa kwa mikono, kwa mashine, na kwa fukusi wadogo walioletwa makusudi walile. Lakini halikwisha, nalo hurudi kila linapopata chakula. Hatimaye, kwa kuwa mahitaji yalizidi na maji ya ghuba yalizidi kuharibika, ilibidi mashine mpya yajengwe mbali, huko Katosi katika wilaya ya Mukono, na maji yaletwe Kampala kwa mabomba marefu. Uchafu humwagwa bure. Kuukimbia ndiko kunakogharimu.

SOMO LA MIJI MIWILI

Iko habari ya zamani inayofaa kukumbukwa na kila anayeishi chini ya mtaro wa mwenzake. Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia katika mji wa Hamburg nchini Ujerumani. Mji huo ulikuwa tajiri, una bandari kubwa na mabomba ya maji nyumba kwa nyumba. Lakini maji yalivutwa kutoka mto Elbe bila kuchujwa. Katika muda wa miezi michache watu zaidi ya 8,500 walikufa.

Mji wa Altona ulikuwa umeshikamana na Hamburg kabisa, hata mahali pengine mpaka ulikuwa barabara tu. Altona nao ulikunywa maji ya Elbe, tena ulichota chini ya Hamburg, baada ya uchafu wa Hamburg kumwagwa mtoni. Lakini Altona ulikuwa ukiyachuja maji yake polepole katika mabirika ya mchanga. Wagonjwa wake walikuwa wachache sana, na penye mpaka upande mmoja wa barabara uliomboleza na upande wa pili ukasalimika. Daktari Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa vijidudu vya maradhi, aliichunguza habari hiyo, na wengi waliokuwa wakibisha kwamba maji huleta kipindupindu wakanyamaza. Mwaka uliofuata Hamburg nao ulianza kuchuja.

Askari wana sababu ya pekee ya kulikumbuka jambo hili. Katika vita vya Krimea, vilivyoanza mwaka 1853, askari wa Uingereza waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na adui. Hospitali yao kubwa ya Scutari, alimofanya kazi Bibi Florence Nightingale, ilikuwa imesimama juu ya mifereji ya uchafu iliyoziba. Mnamo Machi 1855 tume ya afya iliamuru mifereji ile izibuliwe na kusafishwa, na vifo vikapungua sana. Wagonjwa walikuwa wamelala juu ya adui wao.

KAZI YA NYUMBANI

Basi familia ile ilifanya nini? Haikungoja jiji zima litengenezwe. Ilianza na mtungi.

Kwanza, maji ya kunywa yalichemshwa. Mama wengi huyatoa maji jikoni yanapoanza kufuka moshi, na wengine huyaacha yatokote nusu saa hadi makaa yaishe. Yote mawili si sawa. Yakichemka kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda toka chini, dakika moja yatosha. Na kwa askari aliye milimani, mahali panapopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, dakika tatu. Makaa ya ziada ni hasara ya fedha na ya misitu, na msitu ukiondoka chemchemi hudhoofika.

Pili, siku ambayo makaa hayapo, vidonge vya klorini hutumika kama pakiti inavyoagiza, na maji huachwa nusu saa kabla ya kunywewa. Maji yenye matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kwa sababu uchafu huila dawa. Katika nchi ya Sudan, akina mama wa kando ya Nile walikuwa na desturi ya kutuliza matope kwa mbegu za mlonge zilizotwangwa. Desturi hiyo ni nzuri. Lakini ikumbukwe kwamba maji meupe si lazima yawe maji salama, na baada ya kutuama bado yanahitaji moto au dawa.

Tatu, lipo jua, ambalo halinunuliwi. Chupa ya plastiki angavu, isiyo na rangi wala mikwaruzo, isiyozidi lita mbili, hujazwa maji yasiyo na matope na kulazwa juu ya bati muda wa saa sita za jua kali. Mawingu yakitanda, siku mbili mfululizo. Ili kujua kama maji ni maangavu kiasi cha kutosha, chupa husimamishwa juu ya gazeti; ikiwa vichwa vya habari vyasomeka kwa kutazama toka mdomoni hadi kitakoni, maji yanafaa.

Nne, na hili ndilo husahauliwa, maji yaliyokwisha kusafishwa yalindwe. Mtungi ulifunikwa na kutiwa bilula chini, ili kikombe kisichovywe na mkono usiingie. Kipande cha sabuni kikatundikwa karibu na choo. Maji safi kwa mkono mchafu ni kazi bure.

Tano, mvua ilikaribishwa. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja ya maji. Kampala hupata kiasi cha milimita 1,200 kwa mwaka. Basi paa dogo la mita za mraba 20 hupokea lita 24,000. Hata robo ikipotea, familia ya watu sita wanaotumia jerikeni moja ya lita 20 kila mmoja kwa siku itapata maji ya siku 150. Maji ya mwanzo wa mvua yamwagwe, kwa kuwa yameosha kinyesi cha ndege na vumbi. Yanayofuata yanafaa kwa kufulia na kuogea, na yakichemshwa hunywewa. Hali kadhalika bilula inayodondoka itengenezwe: tone moja kila sekunde huweza kujaza jerikeni kabla ya siku tano kwisha.

Jumamosi iliyofuata askari waliokuwa hawana zamu walitoka na majembe na makoleo. Waliugeuza mtaro ukaliacha bomba, wakachimba shimo la mawe kwa maji ya sabuni, na mafundi walioitwa wakabadilisha kiungo kilichooza. Maji ya kuoshea mboga yakaelekezwa migombani. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri, na akina mama waliipikia chai.

HADI BAHARINI

Jioni, koplo aliwaambia wanawe kwamba ziwa nalo haliyashiki maji milele. Hutoka Jinja, yakapita Ziwa Kyoga na Ziwa Albert, yakapenya vinamasi vikubwa vya Sudan Kusini, yakapita Khartoum na Misri, hata yakaingia Bahari ya Mediterania baada ya safari ya maelfu ya kilomita. Mkulima wa Misri hamjui askari wa Kampala, lakini hunywa mto ule ule. Mifuko ya plastiki nayo haiozi. Huziba mitaro ikaleta mafuriko, huelea ziwani, na popote mto ufikapo baharini huongeza taka ambazo samaki na kasa huzidhania chakula. Nchi isiyo na pwani haikosi deni kwa bahari.

Mtoto alipona. Siku ya kumi alikuwa akikimbiza kuku uani. Asubuhi ile mama yake alifungua mlango kama kawaida, akabeba karai lake la maji ya nepi, akasimama kidogo kando ya mtaro. Choo kilikuwa hatua arubaini juu ya mteremko, na karai lilikuwa zito. Jirani yake, mke wa sajini, alikuwa amesimama mlangoni na karai lake mkononi, akimtazama atafanya nini.

Akaanza kupanda. Alipofika nusu ya njia alisikia nyuma yake kandambili za jirani zikimfuata.